Bibi Fatma Zahra (R.A.): Ndoa Changa Isiyokuwa na Makuu



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake.

Hapa chuoni kila muhula tunasikia habari za nikaha. Mwenzetu wa mwaka wa tatu kaoa, dada yetu kaolewa, na wengine wengi wametamani lakini wamesimama mlangoni. Ukiwauliza kilichowasimamisha, jibu ni moja: gharama. Kuna kwanjula pamoja na zawadi zake, mikutano ya kuchangisha, hema na viti vya kukodi, keki, mpiga video na magari ya kusindikiza. Wengine wanaiahirisha nikaha mwaka hadi mwaka, na katika kuiahirisha huko shetani anapata nafasi yake. Wengine wanafunga ndoa kwa mkopo, kisha mwezi wa kwanza wa maisha yao, ambao ungekuwa mtamu, unakuwa mwezi wa kukwepa simu za wanaowadai.

Ndiyo maana safari hii tumechagua kusimulia maisha ya bibi harusi mmoja wa Madina. Hakuna mwanamke wa zama zake aliyekuwa na baba mtukufu kuliko wake, na bado alianza ndoa yake akiwa na vitu ambavyo ungevibeba vyote kwenye boda boda moja. Naye ni Bibi Fatma Zahra (R.A.), binti wa Mtume (S.A.W.), mke wa Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.).

UTOTO WAKE MAKKA

Bibi Fatma ni binti mdogo kabisa kati ya mabinti wanne wa Mtume (S.A.W.) na Bibi Khadija (R.A.). Dada zake ni Zainab, Rukayya na Ummu Kulthum. Wanahistoria wamehitilafiana kuhusu mwaka wa kuzaliwa kwake. Wengi wa Kisunni wanasema alizaliwa wakati Makuraishi walipokuwa wakiijenga upya Al-Kaaba, yaani miaka kama 5 kabla ya utume. Kwa hesabu hiyo, alikuwa mtoto mdogo wahyi ulipoanza kushuka, na utoto wake wote ukapita katika miaka ya taabu.

Siku moja Mtume (S.A.W.) alikuwa akiswali karibu na Al-Kaaba. Uqba bin Abi Mu'ayt akaleta matumbo ya ngamia aliyechinjwa na kumwekea mgongoni akiwa amesujudu, huku wakubwa wa Kikuraishi wakicheka mpaka wakaegemeana. Hakuna mtu mzima aliyethubutu kusogea. Aliyekuja ni Fatma, msichana mdogo, akauondoa uchafu ule mgongoni mwa baba yake kwa mikono yake na kuwakemea wakubwa wale usoni.

Kisha ikaja ile miaka ya kususiwa, Bani Hashim walipofungiwa katika bonde la Abu Talib wasiuziwe wala wasiuze, wasioe wala wasiolewe. Humo Fatma aliijua njaa. Baada ya hapo mama yake, Bibi Khadija, akafariki kiasi cha miaka 3 kabla ya Hijra. Kwa hiyo binti aliyekuja kuolewa Madina hakuwa mtoto wa kudekezwa. Alikuwa ameshauonja uchungu wa dunia, na alijua kipi ndani yake kina uzito na kipi hakina.

POSA YA KIJANA ASIYE NA KITU

Sayyidna Ali naye alikulia katika nyumba ile ile. Mtume (S.A.W.) alimchukua kumlea ili kumpunguzia mzigo Abu Talib, aliyekuwa na watoto wengi na mali kidogo. Usiku wa Hijra, Ali ndiye aliyelala katika kitanda cha Mtume (S.A.W.) huku maadui wakiwa nje wanasubiri. Akabaki Makka kurudisha amana za watu kwa wenyewe, kisha akafunga safari akamkuta Mtume (S.A.W.) Quba. Alifika Madina akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, asiye na shamba, duka wala mifugo.

Imepokewa kwamba Abu Bakr na Umar (R.A.) walimposa Fatma kabla yake, Mtume (S.A.W.) akawajibu kwamba bado ni mdogo. Ali alitamani kwenda lakini akijitazama mfukoni anarudi nyuma. Hatimaye alikwenda, akaketi mbele ya Mtume (S.A.W.), na ulimi ukamganda kwa haya na heshima. Mtume (S.A.W.) ndiye aliyemsaidia kwa kumwuliza kama amekuja kumposa Fatma. Akaitikia. Akaulizwa ana nini cha mahari. Akasema hana kitu. Ndipo akaulizwa iko wapi ile dirii yake ya Hutamiyya, yaani vazi lake la chuma la vitani. Dirii ile ndiyo ikawa mahari ya binti wa Mtume (S.A.W.).

Hapa, ndugu msomaji, tuzingatie jambo. Mahari ilikuwepo, maana ni haki ya mwanamke na haifutwi. Lakini haikutafutwa kwa kuangalia cheo cha baba wa binti. Iliangaliwa alichonacho kijana, na chenye thamani kwake kikatolewa. Kwa kijana wa zama zile, dirii ilikuwa ulinzi wa roho yake vitani. Aliitoa hiyo.

NGAMIA WAWILI NA NYASI ZA IDHKHIR

Ndoa hii ilifungwa mwaka wa 2 Hijria, na Ali alimpeleka bibi harusi nyumbani baada ya vita vya Badr, vilivyopiganwa mwezi wa Ramadhani mwaka huo, sawa na mwaka 624 Miladia. Kwanza, hata hivyo, alitaka kufanya walima, na pesa hakuwa nazo. Alichonacho ni ngamia jike wawili: mmoja fungu lake katika ngawira ya Badr, na wa pili alipewa na Mtume (S.A.W.) kutoka katika khumsi.

Kijana akapanga mradi mdogo. Akapatana na sonara mmoja wa kabila la Bani Qaynuqa waende pamoja kukata nyasi za idhkhir, zenye harufu nzuri, ambazo masonara walikuwa wakizinunua. Faida yake ndiyo ingekuwa walima. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuuza vocha, kupiga chapa kazi za wenzake au kuendesha boda boda wikendi ili apate ada, ataielewa hesabu ya Ali.

Akawalaza ngamia wake kando ya nyumba ya mtu wa Kianswari, akaenda kukusanya kamba, matandiko na magunia. Aliporudi akakuta nundu zao zimekatwa na mbavu zao zimepasuliwa. Hakuweza kuyazuia machozi yake. Akauliza nani kafanya, akaambiwa ni ami yake Hamza (R.A.), ambaye alikuwa ndani ya nyumba ile akinywa na wenzake, huku mwimbaji akiwaimbia. Wakati huo kileo kilikuwa bado hakijaharamishwa. Ali akaenda kwa Mtume (S.A.W.) na huzuni yake usoni. Mtume (S.A.W.) akajitupia shuka yake, akatoka kwa miguu, Ali na Zaid bin Haritha (R.A.) wakimfuata, mpaka kwa Hamza. Akamlaumu, lakini alipoona macho yake mekundu na maneno yake ni ya mlevi, akarudi kinyumenyume na kutoka.

Bukhari na Muslim wameipokea habari hii, na Ali mwenyewe ndiye aliyeisimulia. Mtaji wa harusi yake uliangamia siku moja, mikononi mwa mtu wa familia anayempenda. Ndoa haikuvunjika kwa sababu hiyo, wala udugu wake na Hamza haukukatika.

WALIMA NA VYOMBO

Walima ulifanyika kwa kushirikiana. Saad alitoa kondoo dume, na Answari wakakusanya pishi kadhaa za mtama. Basi. Watu wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Tunaona kuwa kuchangiana katika harusi si jambo geni wala si baya, ila tofauti iko wazi: walichanga chakula cha kulisha watu kwa siku hiyo, hawakuchanga fahari. Na kila mmoja alitoa kilichokuwa nyumbani kwake tayari.

Na vyombo? Mapokezi yanataja shuka nzito ya kitambaa cha manyoya, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa nyasi za idhkhir. Mapokezi mengine yanaongeza mawe ya kusagia na mitungi miwili. Ukiyaandika yote kwenye karatasi hayajazi mistari mitano.

Usiku ule Mtume (S.A.W.) aliwaendea, akaomba maji, akatawadha, akawamiminia na kuwaombea Allah awabariki wao na kizazi chao. Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi kubwa ya harusi.

Baadaye Mtume (S.A.W.) alitamani binti yake awe karibu naye. Haritha bin Nu'man (R.A.), aliyekuwa na nyumba karibu na msikiti, akazipata habari hizo, akaja mwenyewe kuitoa nyumba yake na kusema kwa moyo safi kwamba anachokichukua Mtume kwake ni kipenzi zaidi kuliko anachokiacha. Fatma na Ali wakahamia hapo. Kupata mwenye nyumba wa namna ile ni riziki!

KAZI ZA NYUMBANI

Asubuhi ya ndoa changa ilianza na jiwe. Unga haukununuliwa kwenye mfuko. Bibi Fatma alisaga shayiri kwa mkono, kama bibi zetu wa Bugisu na Busoga walivyosaga wimbi na mtama. Akakanda, akaoka, akafagia mpaka nguo zake zikajaa vumbi. Jiwe likaacha sugu viganjani mwake, na kamba ya kiriba ikaacha alama kifuani.

Hawakuwa peke yao nyumbani. Alikuwepo mama mkwe, Bibi Fatma bint Asad (R.A.), mama yake Ali. Imepokewa kwamba Ali alizungumza na mama yake wagawane kazi: mama amsaidie mkewe kazi za nje kama kuteka maji, na mke awe na kazi za ndani kama kusaga na kukanda. Jina moja, Fatma wawili, nyumba moja. Hapakuwa na ugomvi uliosimuliwa kati yao. Dada zetu wanaoogopa kuishi na mama mkwe, na kaka zetu wanaowaachia wake zao na mama zao wamalizane wenyewe, waone kwamba Ali hakukaa kimya. Aliketi, akapanga kazi kwa uwazi, na kila mmoja akajua lililo lake.

Naye Ali hakuwa amekaa kivulini. Siku moja njaa ilimbana, akatoka hadi pembezoni mwa Madina kutafuta kibarua. Akakubaliana kuteka maji kisimani kwa malipo ya tende moja kwa kila ndoo. Akavuta ndoo kumi na kitu mpaka mikono ikachubuka, kisha akazichukua tende zake na kwenda kula pamoja na Mtume (S.A.W.). Huyu ndiye shujaa wa Badr. Hakuona kazi ya ndoo ni aibu.

USIKU WA KUOMBA MTUMISHI

Wakati fulani mateka waliletwa Madina. Ali alimwona mkewe jinsi alivyochoka, akamshauri aende kwa baba yake akaombe mtumishi wa kumsaidia. Fatma akaenda, asimkute. Akamwachia Bibi Aisha (R.A.) ujumbe, akarudi zake.

Usiku, wawili hao wakiwa wameshalala, Mtume (S.A.W.) akabisha hodi. Wakataka kuinuka, akawaambia wabaki walipo. Akaja akaketi katikati yao, kiasi kwamba Ali alihisi ubaridi wa miguu yake kifuani. Hebu itazame picha hiyo. Mkuu wa Madina, kiongozi wa jeshi, usiku, amekaa kitandani kati ya binti yake na mkwe wake, kama baba yeyote aliyekuja kuwajulia hali watoto.

Hakuwapa mtumishi. Walikuwepo watu wa Suffa msikitini waliokuwa wakilala na njaa, na hao walistahiki kwanza. Badala yake akawafundisha kitu ambacho alisema ni bora kwao kuliko mtumishi: wakienda kulala, waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Jumla 100. Ali aliushika wasia huo maisha yake yote. Miaka mingi baadaye aliulizwa kama hakuuacha hata usiku wa vita vya Siffin, akajibu kuwa hata usiku huo hakuuacha.

Leo tunaziita tasbihi za Bibi Fatma. Wengi wetu tunazisoma baada ya swala bila kukumbuka kwamba zilianzia kwenye kitanda cha wanandoa waliochoka.

MASKHARA NA FURAHA NDOGO NDOGO

Asidhani mtu kwamba nyumba ile ilikuwa ya kazi na huzuni tu. Kulikuwa na kicheko ndani yake.

Usiku mmoja Mtume (S.A.W.) aliwapitia akawauliza kama hawaamki kuswali. Ali, akiwa na usingizi wake, akatoa hoja kwamba roho zao ziko mikononi mwa Allah, akitaka kuwaamsha huwaamsha. Mtume (S.A.W.) hakumjibu. Aligeuka akaondoka huku akijipiga paja na kuisoma aya ya Suratul Kahf inayosema juu ya wingi wa ubishi wa mwanadamu. Ali mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii, bila kuficha kuwa yeye ndiye mbishi. Mtu anayeweza kujisimulia hivyo ana moyo mwepesi.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwezi wa Ramadhani mwaka wa 3 Hijria. Imepokewa kwamba Ali, mpenda vita, alimwita Harb, yaani Vita. Babu akaja, akaomba aonyeshwe mjukuu wake, akauliza jina, akalibadilisha kuwa Hasan, yaani Mzuri. Mwaka uliofuata akazaliwa wa pili, na Ali akarudia jina lake lile lile la Harb! Babu akalibadilisha tena kuwa Husein. Nywele za Hasan zilinyolewa, na uzito wake ukatolewa sadaka kwa fedha. Uzito huo ulikuwa kama dirham moja au pungufu. Sherehe ya mtoto nayo haikuvunja benki.

Bibi Fatma alikuwa akimrusharusha Hasan mikononi na kumwimbia kwamba amefanana na babu yake Mtume, hakufanana na Ali. Utani huo ulienea. Hata Abu Bakr (R.A.), siku chache baada ya Mtume (S.A.W.) kufariki, alitoka msikitini baada ya Alasiri pamoja na Ali, akamkuta Hasan akicheza na watoto. Akambeba begani na kuurudia utani ule ule, na Ali akawa anacheka. Katikati ya msiba mkubwa kuliko yote, kicheko kidogo cha nyumbani kilibaki.

Na babu mwenyewe? Wajukuu walimpanda mgongoni akiwa katika sijda, akairefusha sijda mpaka washuke kwa raha zao. Siku nyingine aliwaona wakija msikitini kwa kujikwaa katika kanzu zao nyekundu, akaikata khutba, akashuka mimbari, akawabeba na kurudi nao.

WALIPOKOSANA

Kila nyumba ina siku zake. Siku moja Mtume (S.A.W.) alifika kwa Bibi Fatma asimkute Ali. Akamwuliza yuko wapi, kwa kumtaja kuwa ni mtoto wa ami yake, maneno ya kulainisha moyo. Fatma akaeleza kwamba pametokea jambo kati yao, Ali kakasirika, katoka, na hakulala mchana pale nyumbani.

Ni jambo gani? Halikusimuliwa. Fatma hakulieleza, na baba hakulichimba. Hakumwita Ali kwenye kikao, wala hakumchukua binti kumrudisha kwao. Alituma mtu atazame Ali yuko wapi, akaambiwa yuko msikitini amelala. Akaenda mwenyewe. Akamkuta shuka imemteleza mgongoni na mwili umejaa vumbi. Akawa anampangusa lile vumbi kwa mkono wake huku akimwamsha kwa jina la utani: Abu Turab, Baba Vumbi. Hasira ikaishia hapo. Ali alikuwa na majina ya heshima mengi, lakini hakuna alilolipenda kuliko hilo.

Tazama pia alikokwenda mume aliyekasirika. Hakupiga, hakutukana, hakwenda kumsimulia rafiki aibu za mkewe. Alitoka akaenda msikitini kulala. Na mke hakutangaza. Siku hizi ugomvi wa asubuhi unakuwa kwenye hali ya WhatsApp kabla ya adhuhuri, na jamaa wa Mbale na wa Jinja wote wameshajua.

Lilikuwepo jambo zito zaidi. Ali alikusudia kuoa binti wa Abu Jahl. Bibi Fatma akaumia, na Mtume (S.A.W.) akasimama juu ya mimbari kueleza kwamba kinachomuudhi Fatma kinamuudhi yeye, na kwamba binti wa Mtume na binti wa adui wa Allah hawatakuwa chini ya mume mmoja. Ali aliliacha jambo hilo, na hakuoa mke mwingine maisha yote ya Fatma.

PAZIA LA MLANGONI

Kama bibi harusi yeyote, Fatma alipenda kuipamba nyumba yake. Siku moja Mtume (S.A.W.) alifika mlangoni, akaona pazia lenye nakshi, akarudi bila kuingia. Ali aliporudi alimkuta mkewe ana wasiwasi, akaenda kuuliza. Akaambiwa sababu ni lile pazia. Fatma hakununa. Aliuliza tu afanye nini nalo, akaelekezwa alipeleke kwa familia fulani yenye shida. Likaenda.

Kitambaa kizuri si haramu. Mtume (S.A.W.) alimtakia binti yake daraja ya juu zaidi, na alitaka macho yake yaione ile nyumba ya jirani isiyokuwa na kitu kabla ya kuutazama mlango wake mwenyewe.

UHUD: MAJI, NGAO NA MAJIVU

Mwezi wa Shawwal mwaka wa 3, mwezi mmoja tu baada ya kuzaliwa Hasan, vilipiganwa vita vya Uhud. Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Fatma alifika, mzazi mbichi, akaanza kuiosha damu. Ali akawa anamimina maji kwa kutumia ngao. Fatma alipoona maji yanazidisha damu, akachukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa majivu, akayabandika kwenye jeraha, na damu ikakatika.

Mume anamimina, mke anatibu. Wawili hao walikuwa wameshazoea kufanya kazi pamoja nyumbani, ndiyo maana siku ya shida mikono yao ilijua ifanye nini.

MWISHO WA SAFARI

Allah aliwaruzuku pia mabinti, Zainab na Ummu Kulthum. Bibi Fatma akiingia kwa baba yake, Mtume (S.A.W.) alisimama, akambusu na kumketisha mahali pake, naye alimfanyia hivyo hivyo baba yake alipoingia kwake.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka wa 11 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimwita Fatma akamnong'oneza, akalia. Akamnong'oneza tena, akacheka. Baadaye alieleza kwamba kwanza aliambiwa kifo cha baba yake kimekaribia, kisha akabashiriwa kuwa yeye atakuwa wa kwanza katika ahli zake kumfuata, na kwamba ni bibi wa wanawake waumini.

Akamfuata miezi 6 baadaye, akiwa bado kijana. Ali alimzika usiku. Ndoa yao ilidumu kiasi cha miaka 9 tu. Ali akaishi mpaka Ramadhani ya mwaka wa 40 Hijria, akawa Khalifa, akauawa shahidi Kufa. Na ile tasbihi ya usiku alikwenda nayo.

MAFUNZO KWETU

Ndugu zangu wa Mbale na Jinja, tuyachukue machache haya.

Kwanza, usiifunge nikaha kwa kamba ya sherehe. Mahari iwepo, mashahidi wawepo, walii awepo, walima uwepo kwa uwezo. Na wazazi wanaosoma gazeti hili wamkumbuke Mtume (S.A.W.) alivyomwuliza kijana ana nini, badala ya kumtajia orodha.

Pili, chumba kimoja cha kupanga Nkoma au Walukuba, chenye sigiri moja, jerikeni mbili na godoro, kina vitu vingi kuliko nyumba ya Fatma siku ya kwanza. Usione haya kuanzia hapo. Usione haya pia kwa kibarua cha halali.

Tatu, furaha ya ndoa haihitaji pesa nyingi. Tembeeni jioni kwenye ukingo wa Mto Nile pale Jinja mtazame mashua. Mvua ikikatika Mbale, kaeni nje mtazame maporomoko yanavyoshuka Wanale. Chezeni ludo, na atakayeshindwa aoshe vyombo. Gawaneni gonja moja. Taniana bila kuumizana. Mitaneni majina mazuri.

Nne, gawaneni kazi kwa mazungumzo, mapema, pamoja na mama mkwe ikiwa yupo.

Tano, mkikosana, sirini. Na anayepatanisha afanye kama alivyofanya Mtume (S.A.W.): apanguse vumbi, asilitimue.

Sita, kabla ya kuzima taa, 33, 33 na 34. Someni pamoja. Uchovu wa kazi na masomo mtauona unapungua, inshallah.

Ewe Mola wetu, uwaridhie Bibi Fatma na Sayyidna Ali. Wasahilishie vijana wetu njia ya halali, zibariki ndoa changa zilizopo katikati yetu, na uzijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.